Mwamba wa Goli la Tangi

Uongo wa kwanza ulikuwa kutu. Viongozi wa timu ya mji waliutangaza redioni asubuhi kwa sauti za watu waliofiwa: boliti za goli zililiwa na kutu, kipa wa wageni akaung'ang'ania mwamba kwa fujo, mwamba ukaanguka, mechi ikavunjika. Kwa hiyo kosa ni la kipa. Yeye afungiwe, na mechi irudiwe. Inspekta aliwasikiliza mpaka mwisho huku anapaka siagi mkate, kisha akazima redio na kwenda uwanjani kuitafuta hiyo kutu.

Uwanja una magoli mawili, na watu wa mji hawahitaji kuambiwa dira. Kuna goli la saa, chini ya saa kubwa iliyokufa zamani, na goli la tangi, mbele ya tangi la maji. La tangi ndilo lililoanguka. Mwamba wake ulikuwa umelazwa kwenye nyasi, na fundi wa kuchomelea, aliyelisimamisha goli hilo mwanzo wa msimu, alikuwa amechuchumaa kando yake. Tangu mechi ivunjike alikuwa hapati usingizi wala hamu ya kula, maana kila aliyekutana naye njiani alimwangalia kama muuaji.

Inspekta alipiga goti, akashusha miwani. Kwenye kichwa cha nguzo kulikuwa na kiti cha chuma ambamo ncha ya mwamba hukaa, na matundu ya boliti za kuushikilia. Aliingiza kidole kidogo ndani ya tundu. Kilitoka na grisi. Meno ya ndani yalikuwa mazima, hayakuchubuka wala kupinda. Boliti iliyokatika huacha kipande ndani, na iliyochomoka kwa nguvu hung'oa meno. Hizi zilifunguliwa kwa spana, polepole, na mtu asiye na haraka. Askari walikuwa wamezitafuta kwenye nyasi mpaka wakachoka, na hawakuona hata moja.

Kitu kingine kilikuwa kimegandamana na ncha ya mwamba. Kilikuwa cheupe juu ya rangi nyeupe, na ndiyo maana hakuna aliyekiona. Inspekta alikibandua kwa kucha. Ni kipande cha plasta ya kitambaa. Mtu alikuwa ameizungusha pale kwenye kiungo, kuficha matundu na kuushikilia mwamba usicheze.

Alimwambia fundi kwamba hana kesi. Fundi alikaa kitako kwenye nyasi, akashusha pumzi ndefu, akauliza kama sasa anaweza kwenda kula.

Wa pili kwenye orodha walikuwa wapambe wa Meya, na hao, kusema kweli, Inspekta alitamani wawe wao. Meya ndiye mlezi wa timu. Jumapili hii mji unapiga kura, na yeye ameubandika mji mzima maneno haya: Timu haishuki, mji haushuki. Alidhani amebuni jambo la maana, kumbe amejifunga kamba mwenyewe, maana timu ilianza kufungwa kila wiki mpaka ikajikuta kwenye mechi ya mwisho kabisa, ile ya kufa na kupona, ambayo anayeshindwa anashuka daraja na sare haipo. Mkilingana, mnaongezewa nusu saa. Sokoni na kwa vinyozi watu walishasema waziwazi kwamba timu ikishuka, na yeye ashuke nayo.

Jioni ya kuamkia mechi, wapambe hao walipanda ngazi kutundika bango la Meya juu ya tangi, hatua chache kutoka goli. Ngazi walikuwa nayo. Spana walikuwa nazo. Sababu walikuwa nayo vilevile, kwa kuwa timu ilikuwa nyuma kwa bao moja katika nusu saa ya nyongeza pale mwamba ulipoanguka na refa akashindwa kuendelea. Kwa mpelelezi mvivu, kesi ilikuwa imeiva. Inspekta aliwaweka wawili kituoni, akawaacha wasubiri, akaenda hospitali.

Kipa wa wageni anaitwa Gundi, na watu wameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa amelala chali, mgongo umefungwa kwenye mkanda mgumu, mikono mirefu imetulia juu ya shuka. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu. Madaktari walikuwa wamesema tusubiri, na wakishasema hivyo huwa hawakutazami usoni. Mama mdogo wake, aliyemlea tangu utotoni, alikaa kando akimpepea kwa gazeti. Alipoambiwa mgeni ni polisi, aliuliza kama amekuja kumfunga mtoto.

"Sasa mama mdogo, si aje tu," Gundi alisema. "Nitakimbilia wapi mimi?"

Mama mdogo aligeuza uso dirishani. Gundi mwenyewe alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyejaribu utani akaona hauendi.

Alieleza bila kuficha. Alizaliwa mji huu huu, akafundishwa udakaji na Mwalimu, kocha wa makipa wa timu ya mji, kabla hajasajiliwa kwingine. Mwalimu huwafundisha makipa wake wote jambo moja: ukishaokoa mpira mgumu, ruka, shika mwamba kwa mikono miwili, ning'inia kidogo, ushuke. Mwili ukumbuke goli liko wapi nyuma yako. Ukimwona kipa yeyote anayefanya hivyo, popote, jua amepita mikononi mwa Mwalimu. Siku ile aliokoa shuti ambalo lingesawazisha, akaruka kama kawaida. Mwamba ukaja naye. Yeye akatua kwa mgongo, nao ukamwangukia juu.

"Kosa langu, afande. Nimenenepa, labda. Nimevunja goli alilonifundishia Mwalimu."

Inspekta aliuliza kama siku ile alikuwa ameushika mwamba huo kabla. Gundi alifikiri, akasema ndiyo, kipindi cha kwanza. Kipindi cha kwanza yeye alidaka goli hilohilo la tangi, akaokoa kona mbili, akaning'inia mara zote. Haukutikisika hata kidogo.

Inspekta aliifunga kalamu bila kuandika chochote. Wapambe wake wawili walikuwa wametoka kwenye kesi bila wao kujua. Boliti zilikuwepo kipindi cha kwanza. Zilitoka baadaye, mchana kweupe, uwanja umejaa watu.

Kabla hajaaga, aliuliza swali ambalo huuliza kila mtu, kama kuna lolote alilolisikia. Gundi alisema alimsikia Mwalimu. Katika nusu saa ya nyongeza Mwalimu alisimama nyuma ya goli lake, na aliporuka tu, akamsikia anapiga kelele: Gundi, acha, usishike.

"Nikajua ananitania kama zamani," Gundi alisema. "Alikuwa anapenda kututoa mchezoni, tuzoee kelele. Siku hizi nashindwa hata kumtazama. Anakuja kila asubuhi na chupa ya chai, anakaa hapo, hasemi neno, anaondoka."

"Mzee wa watu," mama mdogo alisema. "Analia kuliko sisi."

Nahodha wa timu ya mji alikuwa kwao, anaanika viatu vya mpira ukutani ingawa haikujulikana kama atavivaa tena msimu huu. Alizungumza kwa shida, akijikuna kisogo. Kipindi cha pili, alisema, timu ya mji ilidaka goli la tangi, na ilikuwa tayari nyuma kwa bao moja. Dakika zilipokaribia kwisha wakasawazisha. Uwanja ukawa kichaa, wazee wakakumbatiana na watu wasiowajua. Ikaja nusu saa ya nyongeza, na kwa nusu saa hiyo sarafu hurushwa upya.

Nahodha alikiri kwamba alishinda sarafu. Kila mtu anajua timu ya mji hupenda kushambulia goli la saa, ambako mashabiki wake hukaa. Lakini Meya alikuwa ameshuka uwanjani kuwapa moyo, akamshika mkono, hakuuachia. Alimnong'oneza achague kushambulia goli la tangi, kwa sababu kamera zote zitageukia huko, na nyuma ya goli hilo kuna bango lake. Bao la ushindi lipite mbele ya uso wake, Jumapili watu walikumbuke. Nahodha akachagua hivyo, akatukanwa na wenzake. Gundi akarudi goli la tangi.

Inspekta aliuliza nani alikuwa goli la tangi wakati wa mapumziko. Nahodha alijibu haraka, akiona swali hilo ni jepesi. Walikuwepo makipa wa akiba wakipasha misuli, na Mwalimu, aliyepanda juu ya kreti anafunga wavu uliolegea. Uwanja mzima ulimwona.

Aliyefungua boliti wakati wa mapumziko, basi, alizifungua juu ya kichwa cha kipa wa timu yake mwenyewe. Hakumkusudia Gundi. Mkono mmoja ulifungua goli, mkono mwingine ukamsukuma Gundi chini yake, na mikono hiyo miwili haikuwa imeambiana. Inspekta alimshukuru nahodha kwa ushirikiano. Nahodha aliuliza kama amefanya kosa kuchagua lile goli. Inspekta alifunga daftari, na nahodha alionekana kuelewa.

Inspekta aliporudi kituoni alimkuta Meya ofisini kwake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni kana kwamba ni chake, shati jeupe, sauti imekwisha kwa hotuba. Hakuzunguka sana. Kamati ya ligi inakaa kesho, inangoja taarifa ya polisi, na neno moja linatosha.

"Andika kutu, Inspekta. Kutu haina mama, haina baba, haiumii ukiisingizia."

Inspekta alisema kuna kijana ambaye ataumia, maana ikiandikwa kutu, kosa la kuuvunja mwamba linambakia yeye, na atafungiwa akiwa hana hata miguu ya kusimamia kujitetea. Meya alisema atamjengea kijana nyumba. Alisema pia kwamba dakika ya mwisho, iwe kura iwe mpira, kila mtu anadaka kwa mikono hata asiye kipa, na anayekwambia hafanyi hivyo hajawahi kukaribia kushindwa. Halafu akaongeza, kwa upole, kwamba kuna vituo vya polisi mbali sana na mji. Inspekta alimfungulia mlango, akammwagia salamu za heshima mpaka ngazini, kama inavyotakiwa.

Mwalimu alikuwa kwenye stoo ya vifaa, chini ya majukwaa, anakunja nyavu. Ni mzee mwembamba mwenye vidole vilivyopinda kila kimoja upande wake, alama ya mashuti ya miaka yote. Pembeni palikuwa na rafu, na kwenye rafu mipira, filimbi, na mikunjo ya plasta nyeupe ya kufungia vidole. Inspekta alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akampangusia benchi kwa leso yake.

Alianza mbali. Aliuliza habari za wajukuu, habari za goti. Kisha akauliza nusu saa ya nyongeza Mwalimu alisimama wapi.

"Nyuma ya goli la tangi."

"Kipa wako alikuwa goli la saa, Mwalimu."

Mzee aliendelea kukunja wavu. Inspekta alitoa kile kipande cha plasta kwenye bahasha, akakiweka kwenye benchi kati yao, wala hakukitaja.

"Ulimwambia Gundi aache nini?"

Wavu ulimtoka mikononi. Alikaa juu ya gunia la mipira, na gunia likashuka taratibu chini yake. Akatazama vidole vyake. Kisha akasimulia, na alisimulia kwa mpango, kama mtu aliyekwisha kujisimulia mara nyingi.

Meya alimfuata wiki ya mechi, akamkuta hapa hapa stoo. Alimkumbusha kwamba Mwalimu ameidakia timu hii, ameifundisha timu hii, na kama itashuka daraja itashukia mikononi mwake. Inspekta aliuliza kama Meya ndiye aliyemwagiza kufungua goli.

"Hapana. Nisimsingizie. Alisema tu, 'Mwalimu, kama tunafungwa, mechi hii isiishe.' Basi. Akaondoka. Mimi ndiye niliyejua goli linafunguliwaje."

"Maneno hayo utayarudia mbele ya kamati?"

"Nitayarudia."

Mapumziko timu ilikuwa nyuma. Alipanda kreti, akafunga wavu kwa mkono mmoja na kufungua boliti kwa mkono mwingine, akazungusha plasta. Kipa wake, aliyemkataza kuning'inia kwa kisingizio cha kidole kilichoumia, alikuwa anakuja kudaka goli hilo. Alipanga dakika za mwisho kabisa asimame nyuma yake, amwambie anyooshe mkono avute, aruke mbele, asiumie mtu. Mwamba uanguke, mechi ivunjike, irudiwe siku nyingine na miguu mingine. Alikuwa ameshasimama pale, neno liko mdomoni, ndipo wakasawazisha.

"Nililia kwa furaha, mwanangu. Nikasema Mungu ameniokoa na upumbavu wangu, filimbi ikilia tu nazirudisha. Zilikuwa mfukoni. Naingia chumbani kumfunga kipa wangu kidole, natoka, namwona Gundi anatembea kwenda tangi."

Inspekta alisema kulikuwa na muda. Refa alikuwa bado anaongea na manahodha.

"Ulikuwepo," Mwalimu alisema. "Nilikwenda mpaka kwenye mstari. Ningemwambia refa neno moja tu. Lakini angeniuliza nimejuaje, na timu ingenyang'anywa mechi pale pale, mji mzima unatazama. Nikasema labda hataokoa mpira mgumu. Nikaomba tumfunge mapema. Nikaenda kusimama nyuma yake kama mjinga, nikaona mkono unapanda. Ule mkono niliupandisha mimi, alipokuwa mdogo nilimbeba kiunoni aufikie mwamba."

Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama timu itashuka.

"Itashuka, Mwalimu."

Alitikisa kichwa, akaokota wavu, akamalizia kuukunja, akauweka mahali pake. Alisema yuko tayari kwenda kituoni, ila anaomba kupitia hospitali kwanza. Chupa ya chai ilikuwa juu ya rafu, imeshafungwa. Asubuhi ile hakuweza kwenda, alifika getini akarudi. Sheria haikumlazimu Inspekta kumkubalia, na kitabu cha kazi kingemkataza. Alimfungulia mlango wa gari.

Njiani simu ya Inspekta iliita mara nyingi, na kila mara lilikuwa jina la Meya. Aliiacha iite.

Wodini mama mdogo alisimama walipoingia, akampisha Mwalimu kiti chake, akaipokea chupa ya chai kwa mikono miwili na kumshukuru. Mwalimu hakukaa. Gundi aliinua kichwa kadiri mkanda ulivyomruhusu, na kabla mzee hajafungua mdomo, yeye alianza. Alikuwa amejiandaa, ilionekana.

"Mwalimu, nisamehe. Nimekuvunjia goli lako, na timu imeharibikiwa kwa ajili yangu. Sikufanya makusudi."

Mwalimu aliingiza mkono mfukoni. Kisha akatoa boliti, zote, zikiwa bado na grisi, akaziweka kwenye kiganja cha Gundi, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Hukuvunja kitu," alisema. "Zilikuwa kwangu."

Gundi alizitazama. Inspekta aliyesimama mlangoni aliangalia sakafu. Gundi alizigeuza boliti moja moja kwa kidole gumba. Ilimchukua muda kufika mwisho wa jambo lenyewe, na alipofika, hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo uliponipigia kelele niache."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua tangu nilipokuwa natembea kuja golini."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwa na muda, Mwalimu."

Mzee alibaki amesimama, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Inspekta alimsogelea, akamshika kiwiko taratibu, wakatoka.

Mama mdogo aliwafuata mpaka mlangoni na ile chupa ya chai. Aliiweka nje, kando ya ukuta, akaufunga mlango.